Chukulia Hakuna Msuguano

Swali la nne, alama kumi.
Lilikuja kwa lugha ya mtihani,
nalileta hapa kwa lugha ya nyumbani:
mkokoteni wa kilo mia mbili na arobaini, umetulia,
unasukumwa kwa kani ya nyutoni mia na ishirini
kwenye barabara nyoofu, tambarare.
Chukulia hakuna msuguano.
Tafuta mwendokasi wake baada ya sekunde kumi.

Nilicheka. Msimamizi akanikazia macho.

Ndugu mtunga swali, wewe sikujui,
lakini mkokoteni huo naujua.
Madumu kumi ya lita ishirini, ubao wa mninga,
ekseli ya gari bovu lililooza karibu na stesheni,
tairi la kushoto limeshonwa kwa waya.
Nausukuma kila alfajiri, kabla ya kengele,
kutoka kisimani hadi mgahawani kwa mama Ndahani,
na katikati hapo
kuna mchanga wa Bahi.
Chukulia hakuna?
Haya, njoo uuchukue mwenyewe.
Sekunde zako kumi zikiisha
mimi bado nalikwamua gurudumu.

Mwalimu Sechelela hujaza ubao kwa Kiingereza, tunanakili
kama watu wanaochora.
Kisha hufuta chaki mikononi, husema, "Sasa tuelewe,"
na pembeni, chini, kwa herufi ndogo, huandika:

*Kitu kilichotulia, hubaki kimetulia,*
*Na kilichoshika njia, hakiachi hiyo njia,*
*Hadi kani kuingia, kukigeuza tabia,*
*Ndiyo inesha, sikia, wala si uvivu wake.*

Siku moja akaniuliza mbele ya wote:
"Nyemo, mkokoteni ukishakolea,
spidi haipandi wala haishuki,
kani zote ukizijumlisha unapata ngapi?"
"Nyingi, mwalimu. Tazama mabega yangu."
"Sifuri," akasema.
Darasa likaangua kicheko.

Sifuri! Jasho lote hili, sifuri!
Nilinuna siku tatu.
Ya nne, gizani, nikiwa nasukuma, ikanijia:
ninachotoa mimi, mchanga unakipokea chote,
senti kwa senti, haubakizi.
Mwendo mkokoteni unao wake tayari.
Mimi nalipa deni la njia tu.
Lingefutwa deni hilo, ningeuachia palepale kisimani
na wenyewe ungekwenda, ukakwenda,
ukapita mgahawa, ukapita Manyoni,
mama Ndahani akiita nyuma, "Maji yangu!"

Halafu ikaja Januari, na mvua.
Njia ya kando ya reli ikawa sabuni.
Nikaegemea, nikakanyaga kwa nguvu,
mguu ukaenda nyuma, kidevu kikagonga dumu.
Ndipo nikajua kwamba siku zote
sikuwa nausukuma mkokoteni peke yangu:
mimi naisukuma ardhi nyuma,
ardhi inanisukuma mbele,
na asubuhi ile ardhi ilikataa.

Penye kiteremko cha kalavati ukanitoka.
Sikuusukuma. Sikuweza pia kuuzuia.
Barabara ilikata kona,
mkokoteni haukukata.
Ulinyoosha, mtiifu kwa ule ubeti wa pembeni,
hadi ndani ya jaruba la mpunga la bwana Madeje,
aliyetoka na taulo kiunoni
akauliza kama huko shuleni hatufundishwi breki.
Nililipa madumu manne, na miche.

Kwa hiyo, mtunga swali, nimefika huko kwako.
Nimekaa ndani ya swali lako, matope mdomoni.

Nimeandika: mchapuko, nusu.
Mwendokasi, mita tano kwa kila sekunde.
Nikapiga mstari chini, kwa rula.
Kisha, kwa penseli, hafifu, ili ukitaka ufute:

kama msuguano haukuwepo,
huyo aliyesukuma
alikanyaga wapi?